Msanii na Dola: Filamu ya Mephisto kama Chanzo cha Historia

Filamu ya Mephisto, iliyoongozwa na István Szabó wa Hungaria na kutolewa mwaka 1981, inamhusu Hendrik Höfgen, mwigizaji mwenye kipaji na uchu wa sifa. Chini ya utawala wa Wanazi, Höfgen anapanda cheo katika ukumbi wa maonyesho wa Berlin huku akiwapoteza mke, rafiki na msimamo wake wa kisiasa. Makala hii inauliza iwapo mwanahistoria anaweza kuitumia filamu hii kama ushahidi wa kipindi hicho.

Ili kulijibu swali hilo, tabaka tatu hazina budi kutenganishwa. La kwanza ni maisha ya Gustaf Gründgens, aliyesifika kwa kuigiza nafasi ya Mephisto katika tamthiliya ya Goethe iitwayo Faust. Mwaka 1934 alikabidhiwa uongozi wa ukumbi wa taifa wa Prussia jijini Berlin, chini ya ulinzi wa Hermann Göring. La pili ni riwaya ya Klaus Mann, iliyochapishwa Amsterdam mwaka 1936 mwandishi akiwa uhamishoni. Mann hakuwa shahidi asiyeegemea upande wowote, kwani Gründgens aliwahi kuwa mume wa dada yake, Erika. Mwaka 1971 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani Magharibi iliacha zuio la riwaya hiyo liendelee, ili kulinda heshima ya Gründgens, ambaye tayari alikuwa marehemu. Tabaka la tatu ni filamu yenyewe.

Tabaka hizi hazikubaliani katika jambo la msingi. Katika filamu, Höfgen anamwombea rafiki yake mkomunisti, Otto, lakini Otto anauawa. Mhusika huyo anamkumbusha msomaji wa historia mwigizaji Hans Otto, aliyeuawa na Wanazi mwaka 1933. Hata hivyo, mkomunisti mwingine, Ernst Busch, alinusurika adhabu ya kifo kwa msaada wa Gründgens. Baada ya vita, naye akamtetea Gründgens alipokuwa kizuizini mwa Wasovieti. Mann, akiandika mwaka 1936, hangeweza kuyajua hayo.

Mwaka 2006 ilifichuliwa kwamba Szabó mwenyewe, akiwa mwanafunzi wa filamu baada ya maasi ya Hungaria ya mwaka 1956, aliwahi kutoa taarifa za wenzake kwa idara ya usalama. Alieleza kuwa alikusudia kumwokoa mwenzake mmoja. Utetezi huo unafanana na ule uliotolewa kwa ajili ya Gründgens.

Kwa hiyo, Mephisto ni chanzo dhaifu kuhusu Gründgens, lakini ni chanzo chenye uzito kuhusu namna karne ya 20 ilivyomhoji msanii aliyekaa karibu na dola. Wahenga walisema: mtumikie kafiri upate mradi wako. Methali hiyo inadhani kwamba mtumishi hubaki na mradi ulio wake. Maisha ya Busch yanaonyesha kuwa wakati mwingine huwa hivyo. Kifo cha Hans Otto kinaonyesha gharama waliyolipa waliokataa. Mwanahistoria anayemhukumu Gründgens anawajibika kuviweka vyote viwili katika mizani moja.