Kutoka Uwanjani hadi Mtandaoni: Neno "Hadhara" katika Kampeni za Mbeya na Iringa

Istilahi huzaliwa kwa haja, na aghlabu huzeeka bila watu kutambua. Neno lililotosha jana huendelea kutumika leo, ijapokuwa jambo lenyewe limekwisha badilika. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa ufupi safari ya neno moja la siasa, yaani hadhara, kwa mifano ya Mbeya na Iringa. Neno hili lawahusu wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, kwani juu yake hutegemea haki ya mwananchi kusema na wajibu wa dola kulinda amani.

Asili ya neno hili ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa hudhuria, mahudhurio na hadhira. Maana yake ya msingi ni kuwapo mahali kwa mwili. Ndivyo lilivyotumika katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Wagombea wawili wa TANU walipanda jukwaa moja katika mikutano iliyotayarishwa na chama, mmoja akiwa na alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Walikatazwa kutumia kabila, dini au rangi kujipatia kura, na walitakiwa kusema Kiswahili. Hivyo Mnyakyusa wa Rungwe na Mhehe wa Iringa waliisikia kampeni kwa lugha moja, wakiwa wamesimama uwanjani. Hadhara ilionekana kwa macho na kuhesabika kwa vichwa.

Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, viwanja viliongezeka lakini neno halikubadilika. Wakati huohuo neno jingine lilikuwa likikua. Mwaka 2005, katika siasa za CCM, mtandao lilikuwa jina la kundi la watu waliompigania Jakaya Kikwete apate kuteuliwa, nao waliitwa wanamtandao. Katika muda wa miaka kumi tu, mtu aliyesikia "kampeni ya mtandao" alifikiria simu ya mkononi. Mwaka 2010 CHADEMA ilipata ubunge wa Mbeya Mjini kwa Joseph Mbilinyi, na wa Iringa Mjini kwa Peter Msigwa. Wote wawili walirudi bungeni mwaka 2015, wakati ambapo picha na hotuba zilikuwa zimeanza kupita katika simu hata kabla wasikilizaji hawajatawanyika uwanjani.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2016, mikutano ya hadhara ya vyama ilipopigwa marufuku. Wabunge waliachiwa kukutana na wananchi katika majimbo yao tu. Katazo hilo liliondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan mnamo Januari 2023. Katika miaka hiyo, ukiacha majuma ya kampeni za 2020, mahali pa kukutania palikuwa simuni. Neno jukwaa, lililomaanisha mbao za kusimamia, likahamia huko. Matangazo yakarushwa mubashara, na wanachama wakakutana katika vikundi sogozi.

Hapa ndipo penye tatizo. Je, ujumbe uliotumwa kwa majirani mia mbili wa Mafinga katika kikundi chao umetolewa hadharani, au ni faragha yao? Hakuna aliyehudhuria, lakini wote wamesikia. Swali hili si la wanalugha peke yao. Mwaka 2018 mbunge wa Mbeya Mjini alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyatamka katika mkutano wa hadhara. Tangu 2015 iko pia Sheria ya Makosa ya Mtandao. Na kwa kuwa mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama, uzito wa kila kitenzi umezidi.

Yafaa basi tutenganishe. Napendekeza kutuma kuwe kumpelekea mtu mmoja. Kusambaza, kuwapelekea watu wa kikundi kinachojulikana. Na kutangaza, kuweka jambo mahali ambapo yeyote aweza kuliona. Mkutano wa hadhara ubaki kwa watu waliokusanyika kwa miili yao, na ule mwingine uitwe mkutano wa mtandaoni. Vivyo hivyo tutofautishe kuubana mtandao, kama ilivyokuwa kwa baadhi ya huduma wakati wa uchaguzi wa 2020, na kuuzima, kama intaneti ilivyozimwa nchini kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025.

Huenda wasomaji wakayakataa mapendekezo haya, na hilo si neno, mradi walete yaliyo bora. Lisilofaa ni kuliacha neno moja libebe mizigo miwili, kisha tumwachie hakimu kazi ya kuipambanua huku mshitakiwa akingoja kizimbani.