Taa Nyekundu Mlimani Kitonga

Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitwalia uhuru Novemba 1965, petroli ya Zambia ilichukuliwa kwa malori toka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya, hata bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Mlimani Kitonga injini zilipata moto. Na oili ikipata moto huwa nyepesi, msukumo wake hupungua.

Malori yetu makuukuu yapandayo huko na mazao yana taabu ile ile. Taa ya oili ikiwaka safarini, dereva na azime injini papo hapo, apime kwa kijiti. Oili ikiwa kamili, fundi afungue swichi ya taa, afunge geji: msukumo ukiwa mzuri, swichi ndiyo mbovu; ukiwa hafifu, pampu au beringi zimelika. Kutia oili nzito ili taa izimike (wapo wanaoisifu hila hiyo!) ni kuficha ugonjwa tu.