Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia Fupi ya Atomu Ngeni Katika Oksidi za Metali

Kila lugha inayotaka kubeba elimu ya sayansi haina budi kukabiliana na swali la majina. Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kukiita "uchafu" kitu chochote kigeni kilichoingia katika dutu safi. Neno hilo lafaa kwa maji ya kunywa. Je, lafaa pia kwa fuwele? Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya oksidi fulani za metali, ili wasomaji wapime wenyewe kama hukumu iliyomo katika neno hilo ni ya haki.

Mwaka 1800, huko Uingereza, mtaalamu wa nyota William Herschel alipitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, akapima joto la kila rangi. Alipokiweka kipimajoto nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, joto lilizidi. Ndivyo ilivyojulikana miale ya infraredi. Baadaye ilidhihirika kwamba kila dutu humeza miale hiyo kwa namna yake, kwa kuwa atomu zake hutetema kwa kasi zake maalumu.

Katika miaka ya 1930, Mfaransa Louis Néel alieleza usumaku wa ajabu. Katika dutu kama oksidi ya nikeli, kila ioni ya metali ni sumaku ndogo, lakini sumaku hizo hukinzana: hii ikielekea juu, mwenzake huelekea chini. Nguvu zao hufutana, na kwa nje dutu huonekana kana kwamba haina usumaku. Joto likizidi kiwango fulani, mpangilio huo huvunjika. Kiwango hicho huitwa joto la Néel, nacho kwa oksidi ya nikeli ni karibu nyuzi 250 za Selsiasi. Mwaka 1949, C. G. Shull na J. S. Smart wa Marekani waliuthibitisha mpangilio huo katika oksidi ya manganizi kwa kutumia neutroni. Néel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Naye katika hotuba yake alisema kwamba dutu hizo zavutia sana kinadharia, ila hazielekei kuwa na matumizi.

Mwaka 1959, R. Newman na R. M. Chrenko walichunguza oksidi ya nikeli, wakaona kwamba inameza miale ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 5, jambo walilolihusisha na mpangilio wa sumaku. Mwaka 1963, A. J. Sievers na M. Tinkham walitoa taarifa ya umezaji mwingine, wenye mawimbi marefu zaidi, unaotokana na sumaku ndogo kuyumba pamoja. Hapo likazuka swali zito: ni umezaji upi utokao kwa sumaku, na upi utokao kwa mitetemo ya kawaida ya atomu?

Njia moja ya kulijibu ni kuingiza atomu ngeni kwa makusudi. Magnesi huingia katika oksidi ya nikeli kwa urahisi, kwani ioni zake hukaribiana kwa ukubwa na zile za nikeli, na oksidi zote mbili zina umbo moja la fuwele. Lakini magnesi haina usumaku. Ni kama mjumbe asiyenena barazani: hoja ikimfikia, hukatika. Magnesi ikizidi, joto la Néel hushuka, na umezaji utokanao na sumaku hufifia na kutawanyika, ilhali mitetemo ya kawaida hudumu. Mgeni amewatambulisha wenyeji.

Lakini wageni si sawa wote. Mwaka 1950, E. J. W. Verwey na wenzake wa maabara ya Philips, Uholanzi, walieleza jinsi lithi inavyobadili oksidi ya nikeli. Ioni ya lithi ina chaji moja mahali palipotakiwa mbili. Ili hesabu isawazike, elektroni moja hukosekana jirani. Oksidi iliyokuwa ya kijani hafifu na isiyopitisha umeme huwa nyeusi na kuupitisha. Umezaji wake wa infraredi nao huenea, hata alama nyembamba zikafunikwa.

Basi kiini cha mambo ni kumjua mgeni, tabia yake na idadi yake. Mwanafunzi anayefundishwa neno "uchafu" peke yake atafikiri juu ya kusafisha tu, wala hatauliza mgeni ameleta habari gani. Kwa hiyo twapendekeza "uchafu" libaki kwa kile kiingiacho bila kutakiwa na kuharibu, na "atomu ngeni" litumike kwa kile kitiwacho kwa kipimo na kwa makusudi. Wahenga walituachia methali mbili: samaki mmoja akioza wote huoza, na mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu wa sayansi azihitaji zote mbili.