Kuingia moja kwa moja (kompyuta)

Kuingia moja kwa moja ni utaratibu ambapo mfumo endeshi hufungua akaunti ya mtumiaji mara kompyuta inapowashwa, bila kumdai nywila. Hutumika kwenye kompyuta za nyumbani zenye mtumiaji mmoja, na kwenye mashine zinazopaswa kuendelea na kazi zenyewe umeme unaporudi, kama zile za skrini za matangazo. Nywila haifutwi: katika Windows, huhifadhiwa ndani ya mashine, na mfumo huitoa kwa niaba ya mwenyewe.

Historia

Nywila zilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT, Marekani, ulioongozwa na Fernando Corbató, ambapo watu wengi walishiriki mashine moja. Kompyuta za nyumbani za MS-DOS katika miaka ya 1980 hazikuuliza nywila. Windows 95 ilikuja na kisanduku cha nywila kilichopitwa kwa kubonyeza Esc tu. Kilimtambulisha mtumiaji kwenye mtandao, hakikulinda mafaili. Ulinzi madhubuti ulikuwa katika Windows NT (1993), na msingi wake ukafika majumbani kupitia Windows XP (2001). Hata hivyo, XP yenye akaunti moja isiyo na nywila iliingia bila kuuliza. Windows 8 (2012) ilileta kuingia kwa akaunti ya Microsoft, ambayo nywila yake haikuweza kuachwa tupu.

Katika Windows

Njia iliyozoeleka ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika netplwiz, kisha kuchagua jina la mtumiaji na kuondoa tiki kwenye kisanduku kinachomlazimu kuandika jina na nywila. Mfumo huomba nywila mara mbili, na kompyuta ikiwashwa tena huenda moja kwa moja kwenye eneokazi. Inayotakiwa hapo ni nywila ya akaunti, si PIN. Anayeandika PIN hukuta mashine imekwama kwenye ukurasa wa kuingilia. Nywila ikibadilishwa, hatua hizo hurudiwa.

Tangu toleo la 2004 la Windows 10, lililotoka mwaka 2020, kisanduku hicho hufichwa iwapo mipangilio inaruhusu kuingia kwa Windows Hello (uso, alama ya kidole au PIN) pekee. Kizuizi hicho kikizimwa katika chaguo za kuingia, kisanduku hurudi.

Njia ya zamani ni kuhariri rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, kwenye sehemu ya Winlogon, kwa kuipa AutoAdminLogon thamani ya 1. Ni njia ya hatari, kwa kuwa nywila huandikwa waziwazi chini ya DefaultPassword. Programu ndogo ya Autologon ya Sysinternals huihifadhi ikiwa imesimbwa, ingawa mwenye mamlaka ya msimamizi bado anaweza kuifumbua. Kushikilia Shift wakati wa kuingia husitisha utaratibu huu kwa mara hiyo.

Kompyuta inayoamka kutoka usingizini huweza kudai nywila hata hivyo, kwani huo ni mpangilio tofauti.

Katika mifumo mingine

macOS hairuhusu kuingia moja kwa moja ikiwa FileVault, yaani usimbaji wake wa diski, imewashwa. Katika Ubuntu huwekwa kwenye mipangilio ya watumiaji, lakini hifadhi ya funguo huendelea kudai nywila inapohitajika.

Usalama

Anayewasha mashine ya namna hii huhesabiwa kuwa mwenyewe: hufungua barua pepe, picha na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. BitLocker husimba diski, lakini ufunguo ukitolewa na chipu ya TPM bila PIN ya kuwashia, mwizi wa kompyuta nzima hufika kwenye eneokazi bila kipingamizi. Kwa sababu hiyo utaratibu huu haufai kwa kompyuta mpakato inayobebwa huku na huko.

Hali ya sasa

Windows 11 bado inaruhusu utaratibu huu. Alama za vidole na utambuzi wa uso vimepunguza haja yake.