Amana ya Mtoto Mgeni

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga. Mtoto avukaye mpaka bila ya mzazi yupo yeye mwenyewe. Asiyekuwapo ni wa kumsemea. Hapo serikali huwa mlezi wake, nayo ni serikali hiyo hiyo yenye kazi ya kumfukuza mgeni. Katika historia ya Marekani, kazi mbili hizi hazijapata kupatana.

Mwaka 1985, Jenny Lisette Flores, msichana wa miaka 15 kutoka El Salvador, alizuiliwa California. Mama yake alikuwa Marekani, ila hakuwa na hati za ukaazi, akachelea kukamatwa pindi akienda kumchukua. Idara ya uhamiaji nayo haikukubali kumkabidhi binti huyo kwa jamaa mwengine. Kesi ikafunguliwa. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu iliipa serikali ushindi. Hata hivyo, mwaka 1997 pande mbili ziliandikiana mapatano kwamba mtoto awekwe mahali salama, na aachiliwe kwa jamaa zake bila ya kukawizwa pasi na sababu.

Sheria ya mwaka 2002 iliutoa ulezi huo katika idara ya uhamiaji, ikaupeleka kwa ofisi ya wakimbizi iliyo chini ya wizara ya afya. Ile ya 2008, yenye jina la William Wilberforce, Mwingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, iliamuru mtoto akabidhiwe ofisi hiyo, kwa kawaida, ndani ya saa 72.

Mwaka wa fedha wa 2014 ofisi ilipokea watoto zaidi ya 57,000. Katika haraka ya kuwatoa, baadhi ya watoto wa Guatemala walikabidhiwa watu waliojidai kuwa marafiki wa familia zao. Mjini Marion, katika jimbo la Ohio, walitumikishwa kwenye mashamba ya kuku wa mayai, hata saa 12 kwa siku. Ujira wao ulichukuliwa, na jamaa zao wakatishiwa kuuawa. Uchunguzi wa Seneti, uliotolewa Januari 2016, ulionesha kwamba ofisa mmoja alikwenda kumtazama mtoto, mdhamini akamkatalia, na jalada likafungwa.

Somo la Marion lilikuwa ni kuongeza ukaguzi. Lakini mwaka 2018 habari za wadhamini zilianza kupelekwa kwa wenye kufukuza wageni. Jamaa waliojitokeza wakakamatwa, wengine wakajificha. Hofu ya yule mama wa 1985 ikarudi. Makubaliano hayo yalifutwa 2021. Mwaka 2025 katazo la kutoa habari za ukaazi wa wadhamini likaondolewa tena.

Ukaguzi ni haki ya mtoto. Ila jamaa wa kweli akiogopa kujitokeza, mtoto hubakia kizuizini, au huchukuliwa na asiyemjua.