Jina la Mtunzi Kwenye Santuri: Kutoka The Animals hadi 10,000 Maniacs

Mwaka 1991 mwimbaji Natalie Merchant aliwaambia wenzake wa bendi ya 10,000 Maniacs kwamba angebaki nao miaka miwili tu, kisha angeondoka. Kwa mashabiki wa nje hakuna kilichobadilika. Bendi iliendelea kupiga, ikaingia studio, na Septemba 1992 ikatoa Our Time in Eden, albamu iliyouza zaidi ya nakala milioni 2 Marekani peke yake. Msikilizaji aliyeinunua hakujua kwamba anasikiliza kazi ya watu waliokwisha kupeana notisi.

Mwimbaji kuihama bendi si jambo geni popote duniani. Lakini katika mtindo huu, roki iliyopandwa juu ya nyimbo za jadi za Uingereza na Marekani, jambo hilo limejirudia mno kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kunani. Wengine husema ni tabia, wengine husema ni umaarufu kupanda kichwani. Mimi nadhani ukitaka kuanza uchunguzi, acha tabia za watu na usome yale maandishi madogo katikati ya sahani ya santuri, pale panapoandikwa jina la mtunzi. Nyimbo za jadi hazikuwa na mwenyewe. Zilipounganishwa na gitaa la umeme na kuingia sokoni zikapata mwenyewe, na mwenyewe hulipwa mirabaha. Mpiga dramu halipwi mirabaha hiyo, hata kama mdundo wake ndio uliowainua watu vitini.

Kisa cha kwanza kikubwa ni cha mwaka 1964. Vijana watano wa The Animals kutoka Newcastle walirekodi The House of the Rising Sun, wimbo wa jadi wa Marekani ambao watu wengi walikuwa wameuimba kabla yao. Ukawa namba moja Uingereza na Marekani. Kwa kuwa ulikuwa wa jadi, hakukuwa na mtunzi wa kulipwa. Kilichobaki ni sifa ya upangaji wa muziki. Sifa hiyo ikaandikwa kwa jina la mpiga kinanda peke yake, Alan Price. Inasemekana majina matano hayakuenea kwenye karatasi ya santuri. Iwe kweli au la, malipo yalikwenda kwa mmoja, wenzake wakalalamika miaka na mikaka, na mwaka 1965 Price akaondoka. Eric Burdon, aliyeuimba wimbo ule kwa sauti ambayo hadi leo haijapata mfano, hakuwemo kwenye hesabu.

Mwaka huohuo wa 1965 Bob Dylan alipanda jukwaani Newport na gitaa la umeme, wapenzi wa jadi wakazomea, na The Byrds wa Los Angeles wakaufanya Mr. Tambourine Man wa Dylan kuwa namba moja kwa gitaa la nyuzi 12 la Roger McGuinn. Wengi hutaja hapo kuwa ndipo mtindo ulipozaliwa. Mtunzi mkuu ndani ya The Byrds alikuwa Gene Clark. Mapema mwaka 1966 akaiacha bendi, na sababu iliyotangazwa sana ni kwamba aliogopa ndege. Aliogopa kweli. Lakini pia kipato chake cha utunzi kilikuwa kimewapita wenzake mbali, na husuda ikaingia. Mwaka uliofuata akatoa albamu yake ya kwanza ya kujitegemea.

Simon na Garfunkel walikuwa wawili tu, kwa hiyo hesabu yao ilikuwa nyepesi: karibu kila kitu kiliandikwa na Paul Simon. Albamu yao ya mwisho ya studio, Bridge over Troubled Water ya Januari 1970, ina kisa kidogo kinachostahili kutajwa. Simon aliuchukua El Cóndor Pasa akidhani ni wimbo wa jadi wa Andes. Kumbe ulikuwa na mtunzi, Daniel Alomía Robles wa Peru, aliyeutunga mwaka 1913, na hakimiliki yake ilikuwa imesajiliwa Marekani. Mtoto wa marehemu akafungua shauri, likaisha kwa amani, na jina la baba yake likaingia kwenye orodha ya watunzi.

Uingereza ndiko mambo yalikoiva. Fairport Convention, bendi ya London iliyoanza mwaka 1967, ilimchukua mwimbaji Sandy Denny mwaka 1968. Tarehe 12 Mei 1969, wakirudi usiku kutoka Birmingham, gari lao lilipinduka kwenye barabara kuu ya M1. Mpiga dramu wao, Martin Lamble, akafariki akiwa na miaka 19. Rafiki mmoja wa bendi naye akafa. Waliobaki nusura waiue bendi. Badala yake wakakodi nyumba kijijini Farley Chamberlayne, Hampshire, wakakaa humo majira ya joto wakipona na kufanya mazoezi. Mpiga besi, Ashley Hutchings, akawa anashinda kwenye maktaba ya Cecil Sharp House akichimbua nyimbo za karne zilizopita, na mpiga fidla Dave Swarbrick, aliyezijua nyimbo hizo tangu ujanani, akajiunga rasmi.

Matunda yake ni Liege & Lief, iliyotayarishwa na Mmarekani Joe Boyd na kutoka Desemba 1969. Sikiliza Matty Groves: kisa cha mke wa bwana mkubwa na kijana wa kijijini, zaidi ya dakika nane, na baada ya maiti kuzikwa gitaa la Richard Thompson na fidla ya Swarbrick vinaendelea kukimbizana kana kwamba mashahidi wamekataa kutoka mahakamani. Denny haigizi huzuni. Anasimulia, basi. Kati ya vipande 8 vya albamu ile, vitatu tu ndivyo vilivyotungwa na wanabendi, na Denny alishiriki kimoja. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa tayari ameandika Who Knows Where the Time Goes? Hutchings alitaka kuchimba jadi zaidi, Denny alitaka nafasi ya nyimbo zake. Kabla santuri haijafika dukani wote wawili walikuwa wameondoka. Denny akaunda bendi ya Fotheringay, kisha mwaka 1971 akatoa The North Star Grassman and the Ravens kwa jina lake mwenyewe. Alifariki Aprili 1978 akiwa na miaka 31. Mwaka 2006 wasikilizaji wa Radio 2 ya BBC waliichagua Liege & Lief kuwa albamu yenye athari kubwa kuliko zote katika muziki wa jadi.

Tuvuke bahari tena. Jamestown, magharibi ya jimbo la New York, ni mji wa viwanda vya samani ulio karibu na ziwa Chautauqua, na viwanda hivyo vilikuwa vimeanza kunyauka wakati Steven Gustafson, Dennis Drew, Robert Buck na wenzao walipoanzisha bendi mwaka 1981. Merchant, mzaliwa wa hapohapo, alijiunga akiwa bado hajatimiza miaka 18. Jina la bendi lilitokana na filamu ya kutisha ya bei rahisi, na halifanani hata kidogo na muziki wao. Walirekodi wenyewe na kuuza wenyewe chini ya lebo yao ndogo, Christian Burial Music, mpaka mtangazaji John Peel wa BBC alipouchezesha My Mother the War na kuwajulisha kwa Waingereza kabla hata Wamarekani hawajawatambua.

Kampuni ya Elektra ikawasainisha, na mwaka 1985 wakapelekwa London kurekodi The Wishing Chair. Prodyuza? Joe Boyd yuleyule. Ndani yake kuna wimbo wa jadi wa Kiingereza, Just as the Tide Was a Flowing, na gitaa za Buck na John Lombardo zinakimbia kama watu waliozisikiliza santuri za Fairport mpaka zikachakaa. Utunzi ulikuwa wa ushirika wa kweli: Lombardo au Buck analeta muziki, Merchant anatia maneno. Albamu haikuuza sana. Mwaka 1986 Lombardo akaondoka, na pamoja naye ikaondoka ile harufu ya jadi.

Elektra wakamleta Peter Asher, meneja na prodyuza aliyewajenga James Taylor na Linda Ronstadt. Alijua pa kuiweka sauti ya mwimbaji: mbele kabisa. In My Tribe ya 1987 ikawafungulia milango, kwa nyimbo kuhusu mtoto anayepigwa na mzazi jirani wakiwa kimya, na kuhusu mdogo wa kiume aliyejiunga na jeshi. Albamu hiyo ilikuwa pia na Peace Train wa Cat Stevens, ambaye wasomaji wengi wa pwani humjua kwa jina la Yusuf Islam na kwa kaswida zake. Mwaka 1989, baada ya kauli zake kuhusu mwandishi Salman Rushdie kuzua mtafaruku, bendi ikauondoa wimbo huo katika nakala zilizofuata za Marekani. Yusuf Islam mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba hakueleweka. Kwangu mimi, kuondoa wimbo wa amani kwa sababu ya maneno ya mtunzi aliyoyasema miaka mingi baadaye ni uamuzi wa pupa, na ulionyesha bendi iliyoanza kuwa na jina la kulinda.

Blind Man's Zoo ya mwaka 1989 ina Hateful Hate, wimbo kuhusu wazungu walioivamia Afrika kwa tamaa ya pembe na watu. Msikilizaji wa Bagamoyo au Unguja hahitaji kuelezwa. Nia ni njema, ila albamu nzima inahubiri kupita kiasi, na muziki unamtumikia mhubiri.

Ndiyo maana Our Time in Eden inashangaza. Mtu angetegemea kazi ya watu wanaoagana iwe baridi. Prodyuza mpya, Paul Fox, aliwafungulia mlango waliokuwa wamefungiwa: wapuliza ala wa James Brown, Maceo Parker, Fred Wesley na Pee Wee Ellis, wanaingia katika Few and Far Between na Candy Everybody Wants, huu wa pili ukiwa mzaha mkali dhidi ya televisheni inayouza damu na tamaa. Mary Ramsey, aliyekuwa akipiga na Lombardo nje ya bendi, analeta viola na fidla, na ile jadi iliyoondoka mwaka 1986 inarudi kwa mlango wa nyuma. Stockton Gala Days umepewa jina la kijiji kilicho karibu na Jamestown. Unaanza taratibu, halafu nyuzi na dramu za Jerry Augustyniak zinashika kasi, na sauti ya Merchant inapanda bila kupaza. Gold Rush Brides unawarudisha wanawake waliovuka Marekani kwa magari ya kukokotwa wakati historia ikiwaandika waume zao tu. Ustadi wa kusimulia bila kulia, ule wa Denny, umo humu.

Sasa soma majina ya watunzi. These Are Days, wimbo wa albamu hii uliowapeleka mbali zaidi, ni wa Buck na Merchant. Candy Everybody Wants ni wa Drew na Merchant. Lakini Noah's Dove unaofungua albamu ni wa Merchant peke yake. Jezebel, wimbo wa ndoa iliyokwisha, ni wake peke yake. How You've Grown, wa mtu anayemkuta mtoto amekua wakati yeye hayupo, ni wake pia. Nyimbo za kujitegemea zimo tayari, zimepangwa katikati ya nyimbo za ushirika. Ni albamu mbili ndani ya jalada moja, na kwa bahati kila moja inaisaidia nyingine: nyimbo zake zinaipa kina, nyimbo za pamoja zinaipa mwendo.

Januari 1993 bendi ilitumbuiza kwenye sherehe ya MTV ya kuapishwa kwa Rais Bill Clinton, Michael Stipe wa R.E.M. akiwa mgeni wao. Aprili wakarekodi onyesho la MTV Unplugged, na Because the Night wa Patti Smith na Bruce Springsteen ukafika namba 11 Marekani. Wimbo huo ulipokuwa ukipanda chati, Merchant alikuwa ameshatangaza hadharani kwamba anaondoka. Katika onyesho lile, nyuma yake amekaa Mary Ramsey na viola yake, akiitikia. Mwaka uliofuata Ramsey na Lombardo waliingia kundini, na Ramsey akachukua maikrofoni.

Tigerlily, albamu ya kwanza ya Merchant, ilitoka mwaka 1995. Aliitayarisha mwenyewe, akatunga nyimbo zote mwenyewe, na ikauza zaidi ya milioni 5 Marekani, zaidi ya albamu yoyote ya bendi. Ina nyimbo nzuri. Ina pia mwendo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na mara kwa mara ninamtafuta Buck na gitaa lake la kumchokoza mwimbaji ninamkosa. Bendi nayo ilipata kibao kimoja mwaka 1997, More Than This, nao ni wa Roxy Music. Robert Buck alifariki Desemba 2000 kwa ugonjwa wa ini.

Mkataba wake na Elektra ulipokwisha, Merchant alitoa The House Carpenter's Daughter mwaka 2003 kwa lebo yake mwenyewe: nyimbo za jadi, na kati yake akaweka Crazy Man Michael, uleule unaofunga Liege & Lief. Bendi ya zamani, bila yeye, mwaka 2015 ikatoa Twice Told Tales, albamu ya nyimbo za jadi za Uingereza na Ireland.  Pande zote mbili zilirudi kwenye nyimbo ambazo nyingi hazina mtunzi wa kugombaniwa.

Anayetaka kuijua bendi hii asianze na mkusanyiko wa vibao. Aanze na Our Time in Eden, aisikilize nzima kwa mpangilio wake, nyimbo zote 13, kisha arudi The Wishing Chair asikie walikotoka. Tigerlily ndiyo iliyouza zaidi; Eden ndiyo bora.