Kuatamia kwa kuku

Kuatamia (huandikwa pia *kuhatamia*, katika mazungumzo husemwa kuku "amelalia mayai") ni hali ya kuku jike kuacha kutaga na kukaa juu ya mayai ili kuyapa joto mpaka vifaranga waanguliwe. Mayai ya kuku huchukua siku 21.

Katika ufugaji wa nyumbani, wa kuku watano, kumi au ishirini wanaojitafutia chakula uani, kuku anayeatamia ni chombo cha bure cha kupata vifaranga, lakini papo hapo ni kuku asiyetaga. Mfugaji hulazimika kuamua mapema: amwache aendelee au amzuie. Akichelewa kuamua huweza kupoteza yote mawili, kwa kuwa mayai huoza chini ya kuku na siku za kutaga hupita bure.

Sababu

Kuatamia si ugonjwa wala ukaidi. Husababishwa na homoni iitwayo prolaktini, inayotoka katika tezi ya pituitari chini ya ubongo. Homoni hiyo ikiongezeka, mfuko wa mayai husinyaa na kuku huacha kutaga. Mayai yanayolundikana kiotoni, joto, na mahali penye kiza hukuza hali hiyo, na ndiyo maana kuku anayetaga mafichoni, kwenye kichaka au nyuma ya stoo, huonekana baada ya wiki tatu akiongoza vifaranga ambao mwenyewe hakuwapangia.

Urithi nao una nafasi kubwa. Kuku wa mayai wa kisasa walichaguliwa kwa vizazi vingi ili wasiatamie, na kwa sababu hiyo hutaga zaidi ya mayai 250 kwa mwaka. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo mmoja kisha huatamia, na jumla yake kwa mwaka kwa kawaida ni mayai 40 hadi 60. Chotara kama Kuroiler na Sasso huatamia mara chache, hivyo mfugaji mwenye hao peke yao hutegemea mashine au kununua vifaranga.

Mkoa wa Morogoro una kuku wake wa asili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro walieleza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, aina kadhaa za kuku wa kienyeji wa Tanzania, miongoni mwao Kuchi, kuku mrefu wa umbo la kupigana, na Ching'wekwe, kuku mdogo mwenye miguu mifupi anayepatikana Morogoro. Kwa mfugaji anayetaka kuatamisha, ukubwa wa kuku una maana, kwa kuwa mwili mdogo hufunika mayai machache.

Dalili

Kuku anayetaka kuatamia hubaki kiotoni hata usiku, badala ya kupanda kulala pamoja na wenzake. Akiguswa hujitutumua manyoya, hulia kwa sauti nzito ya kukatakata na huweza kudonoa mkono. Huchomoa manyoya ya kifuani ili ngozi iguse mayai. Hutoka mara moja tu kwa siku, hula haraka, hunywa, na kinyesi chake huwa kingi na chenye harufu kali kuliko kawaida. Kuku aliyekaa kiotoni mchana mmoja pengine anataga tu. Aliyekaa usiku mbili mfululizo ameamua.

Kumwacha aatamie

Kuku anayefaa ni yule mwenye mwili wa kutosha, asiye na utitiri, aliyechanjwa, na ikiwezekana aliyewahi kulea vizuri. Huwekewa mayai 10 hadi 13. Kuku mdogo kama Ching'wekwe hutosha 8 au 9. Mayai yakizidi, yale ya pembeni hupoa kwa zamu, na mwishowe hata yaliyokuwa mazima hufa.

Mayai mazuri ni yale yasiyozidi siku kumi tangu kutagwa, yenye umbo la kawaida, yasiyo na nyufa na yasiyooshwa. Kuandika tarehe kwa penseli kwenye ganda ni kazi ya nusu dakika na huondoa ubishi wote baadaye. Alama hiyo husaidia pia kutambua mayai ambayo kuku wengine huja kutaga katika kiota hichohicho. Mayai hayo ya kuongezewa ndiyo chanzo kikubwa cha hasara: vifaranga wa kwanza wakianguliwa, mama huondoka nao na kuyaacha yaliyochelewa yakiwa na vifaranga hai ndani. Kwa hiyo kuku anayeatamia hutengwa, na huhamishwa usiku ili asisusie kiota kipya.

Kiota huweza kuwa tenga, boksi au chungu kilichovunjika, chenye mchanga kidogo chini na majani makavu juu. Majivu au majani makavu ya mwarobaini huwekwa kupunguza utitiri na chawa, kwani kuku anayenyonywa damu usiku kucha huacha mayai. Katika kata kama Mzinga, Manispaa ya Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, wakati wa masika mfugaji huhitaji kukumbuka siafu pia. Kuku aliyekwisha kuzama katika kuatamia huweza kubaki juu ya mayai mpaka wamwue. Kiota huinuliwa, na majivu humwagwa kukizunguka.

Maji na nafaka huwekwa karibu, lakini si ndani ya kiota. Kuku asiyetoka kabisa huinuliwa taratibu mara moja kwa siku. Siku ya 7 mayai hupimwa gizani kwa tochi, hata ya simu: yai lenye uhai huonyesha mishipa ya damu iliyotawanyika kama buibui, na lisilo na mbegu huwa jeupe lote. Upimaji hurudiwa siku ya 14, na mayai viza huondolewa kabla hayajapasuka. Kuanzia siku ya 18 kuku huachwa bila kusumbuliwa.

Kumzuia

Kuku huzuiwa pale ambapo hakuna jogoo, hakuna mayai yenye mbegu, au familia inahitaji mayai kuliko vifaranga. Mayai huondolewa yote, na kuku huwekwa katika tundu lililoinuliwa, lenye sakafu ya fito zilizoachana au waya, bila majani, mahali penye mwanga. Hewa inayopita chini hupoza tumbo lake. Hupewa chakula na maji kama kawaida. Baada ya siku tatu hadi tano hufunguliwa; akirudi kiotoni, hurudishwa tunduni. Aliyezuiwa siku ya kwanza au ya pili huacha upesi na kwa kawaida hurudi kutaga baada ya wiki moja au mbili. Aliyeachwa wiki nzima juu ya kiota kitupu huchukua muda mrefu zaidi.

Desturi ya kumtumbukiza kuku kwenye ndoo ya maji, au kumfunga mguu juani, ipo mahali pengi. Humtesa kuku bila kufanya kazi kuliko tundu, na kuku aliyeloweshwa jioni ya baridi huweza kuugua. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ya Tanzania inakataza kutesa wanyama.

Kuatamisha kwa pamoja na kulea

Kuku wawili au watatu huweza kuanzishwa siku moja. Wa kwanza kuonyesha dalili huwekewa yai moja la bandia au viza lililochemshwa, mpaka wenzake wawe tayari, kisha wote hupewa mayai mazima usiku mmoja. Vifaranga wakianguliwa pamoja, kuku mmoja huweza kukabidhiwa wote na wengine kurudi kutaga.

Hapo ndipo hesabu ya mwaka hubadilika. Kuku wa kienyeji hutumia takriban siku 20 kutaga, 21 kuatamia, na wiki 8 hadi 12 kulea. Hupata mizunguko mitatu tu kwa mwaka. Akinyang'anywa vifaranga wakiwa na wiki nne, huweza kufikisha minne. Lakini vifaranga hao wanahitaji joto, chakula na banda lililofungwa. Mfugaji asiye na hivyo ni afadhali amwachie mama kazi hiyo, hasa sehemu za juu zenye baridi kama Mgeta.

Katika wiki za mwanzo, mama na vifaranga hufunikwa chini ya tenga, kwa sababu ya mwewe, kunguru na paka. Chanjo ya kideri (mdondo) ya aina ya I-2 hutolewa kwa tone la jicho na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Mayai ya ndege wengine

Kuku huatamia pia mayai ya kanga (siku 26 hadi 28), bata wa kawaida (28) na bata mzinga (28), ambaye jina lake halina uhusiano na kata ya Mzinga. Mayai hayo hayachanganywi na ya kuku, ila yakitangulizwa wiki moja.